Sura ya Saba: Nyuma ya Picha ya Kumi na Wawili

Siku ya nne tangu picha iibiwe, Inspekta alirudi kwenye nyumba ya Chama cha Kumbukumbu, akavuta stuli katikati ya chumba cha picha, akaketi kuutazama msumari mtupu ukutani. Koplo wake alisimama mlangoni akipiga miayo. Kwa hesabu za kituo kazi ilikuwa imekwisha. Mtuhumiwa yuko mahabusu, kesho saa tatu asubuhi anapandishwa kizimbani, na mkuu wa kituo alikwisha kumpigia simu mwenyekiti wa Chama kumpa hongera, ingawa picha yenyewe haikuwa imeonekana.

Mtuhumiwa alikuwa mfagizi wa nyumba hiyo, mtu wa makamo ambaye wanachama walimbandika jina la Vumbi, likamganda. Inspekta alimkamata kwa sababu ya fremu. Jumanne alianza kupekua nyumba za watu watatu wenye ufunguo, mwenyekiti, katibu na mfagizi, na katika chumba cha Vumbi, alichoanza nacho, akaikuta fremu ya picha iliyopotea, ile ile yenye kona iliyobanduka, imetundikwa juu ya kitanda cha binti yake. Ndani yake kulikuwa na cheti cha ushonaji ambacho binti alikipata mwezi uliopita. Alimuuliza Vumbi papo hapo, binti akisikia, fremu ameitoa wapi. Vumbi aliinama. Aliulizwa tena na tena, akawa kama ameng'olewa ulimi. Basi akafungwa pingu, na kwa kuwa gari la kituo lilikuwa gereji, Inspekta alimtembeza kwa miguu mchana kweupe, watu wakitoka madukani kuja kushangaa.

Siku ile alijiona amefanya kazi. Sasa, juu ya stuli, kitu kilikuwa kinamkera na hakujua ni nini.

Picha hiyo haikuwa picha tu. Nyumba nzima ilijaa vitu vya watu waliokufa: kanda za sauti za wazee, barua, vitambulisho vya kazi, mizani ya posta ya zamani, na masanduku ya picha ambazo kila Jumamosi zilipitishwa mkono kwa mkono katika kile walichokiita kikao cha sura. Mtu akiitambua sura, anataja jina. Jina halikuandikwa mpaka mtu wa pili, wa ukoo mwingine, akubali. Lakini picha iliyotundikwa peke yake ukutani ilikuwa moja, ya wanaume kumi na wawili kwenye ngazi za kiwanda cha kamba, kila mmoja ameshika taa ya mafuta. Ndio waliogoma enzi zile, wakakataa kusokota kamba mpaka wenzao walioumizwa na mashine watibiwe. Taa walizitumia kukutana kwa siri. Hivyo ndivyo kila mtoto wa mji alivyofundishwa, na Inspekta alifundishwa hivyo mara mbili, shuleni na nyumbani, kwa sababu wa tatu kutoka kushoto alikuwa babu yake mzaa mama. Taa ya babu bado ilikuwa kwenye kabati la mama yake, na mgeni hakuondoka bila kuonyeshwa.

Alipopewa kesi hii alipaswa kumwambia mkuu wake kwamba ana damu yake ndani ya picha. Hakusema. Aliona fahari.

"Koplo," aliita. "Jumatatu mwenyekiti alipofungua, pazia lilikuwaje?"

Koplo akafunua daftari lake. Akasoma: Dirisha limevunjwa kioo kimoja, pazia limefungwa.

"Limevutwa tu, au limefungwa?"

"Limefungwa na kamba kwenye ndoano ya chini, afande. Nilifungua mwenyewe. Lilikuwa fundo zuri."

Inspekta aliinuka. Mapazia ya chumba hicho yalikuwa ya turubai nzito, na kila moja lilikuwa na kamba ya kulifunga kwenye ndoano iliyopigiliwa chini ya rafu, upepo usilipeperushe. Mlangoni kulibandikwa kanuni za nyumba kwa mwandiko wa katibu, na ya kwanza ilisema: Jua ndilo adui wa picha. Wote kituoni walikuwa wamesema mwizi aliingia na kutoka kwa dirisha lile, na alifunga pazia ili asionekane.

Alimwamuru koplo atoke dirishani kisha alifunge pazia kutoka nje. Koplo alitoka kwa taabu, maana hakuwa mwembamba, akaingiza mkono kwenye kioo kilichovunjika, akapapasa, akajigonga paji la uso kwenye fremu ya dirisha. Ndoano ilikuwa mbali na vidole vyake karibu kiasi cha mkono mzima.

"Haiwezekani," alisema kutoka nje, akijisugua. "Labda niwe na mkono wa tatu."

Kwa hiyo aliyefunga pazia alikuwa ndani, na alitoka mlangoni kwa ufunguo. Mkuu wa kituo angesema, vizuri, Vumbi ana ufunguo, alivunja kioo kutupumbaza. Inspekta naye angesema hivyo jana. Lakini kwa nini mtu aliyevunja kioo cha uongo ahangaike kufunga kamba? Kulikuwa na sababu moja tu. Kioo kikiwa kimevunjika, upepo ungeinua pazia, na jua la mchana lingeanguka kwenye masanduku ya picha zilizobaki. Mwizi huyu aliiba picha moja akazihurumia nyingine.

Alichukua daftari la zamu lililoning'inia nyuma ya mlango, akaanza kusoma. Mwandiko ulikuwa wa katibu, herufi za mviringo za mtu aliyefundisha shule maisha yake yote. *Vumbi ameacha pazia wazi tena.* Wiki mbili mbele: *Pazia wazi. Nimemkumbusha.* Mwezi uliofuata: *Vumbi na pazia, sina la kusema.* Inspekta alihesabu malalamiko kumi na moja tangu mwaka uanze. Mtu aliyesahau pazia mara kumi na moja kwa amani zake asingelikumbuka akiwa anaiba.

Uso ulimwaka moto. Daftari lile lilikuwa hapo tangu Jumatatu, na yeye mwenyewe alilisogeza kando ili apulizie unga wa alama za vidole.

*

Mpiga picha wa mji alikuwa na studio ng'ambo ya barabara. Alikuwa mwanachama wa Chama na mtu mwenye maneno mengi, na Jumatatu ile alikuwa pamoja na mwenyekiti walipoigundua nafasi tupu. Inspekta alimuuliza kwa nini alifika mapema hivyo. Alikwenda kuibandua picha, alisema. Chama kilikuwa kinachapisha kitabu chake cha kwanza, na picha ya jalada ilihitaji kunakiliwa vizuri, lakini ilikuwa imegandishwa kwenye ubao na ubao umepinda. Kikao kiliamua ibanduliwe Jumatatu. Wote waliafiki isipokuwa Mwalimu, katibu wao.

"Mwalimu alipinga?"

"Mara tatu alisimama. Eti itachanika. Tukamcheka kidogo, tukamwambia Mwalimu, mbona wewe ndiye uliyeigandisha?" Mpiga picha akaendelea kufuta lenzi yake. "Hilo ndilo la ajabu. Yeye ndiye aliyetufundisha kwamba gundi ni sumu kwa picha. Nyumba nzima hakuna picha yenye gundi isipokuwa hiyo."

Inspekta alimuuliza ufunguo wa mwenyekiti ulikuwa wapi Jumapili. Mwenyekiti alikuwa mji wa pili, kando ya kitanda cha dada yake hospitalini, ufunguo uko mkobani. Hilo koplo alikwisha kulithibitisha kwa simu.

Hapo angeweza kwenda moja kwa moja kwa katibu. Lakini fremu ilikutwa ukutani kwa binti wa Vumbi, na bila maelezo ya fremu mkuu wake angemcheka. Alirudi kituoni, akamtoa Vumbi mahabusu, akamketisha kwenye benchi la chumba cha maelezo na kumtuma koplo nje. Kisha akasema jambo ambalo hakufundishwa chuoni.

"Mzee wangu, sidhani kama umeiba. Lakini nahitaji kujua fremu imetoka wapi. Hakuna atakayesikia ila mimi."

Vumbi aliutazama mlango koplo alikotokea.

"Jalalani," alisema mwishowe. "Shimo la taka nyuma ya Chama. Jumatatu alfajiri nikienda kuchoma takataka nikaikuta juu, na kioo chake. Nilijua wanaibandua ile picha, nikasema basi, wameitupa fremu."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilishamwambia mwanangu nimemchongeshea kwa seremala. Alifurahi yule, mama, sijui nikwambieje. Akakitundika cheti chake, akakaa anakitazama." Alijifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Halafu wewe ukaja ukaniuliza, naye yupo pale. Ningesemaje? Kwamba zawadi ya baba yake ameiokota kwenye taka? Nikaona bora ninyamaze. Nilipofika huku nikataka kusema, lakini ningesema nini tena? Mmeshanipitisha mbele ya watu."

Hakulalamika. Alisema kama mtu anayeeleza alivyokosa basi, na hilo ndilo lililomchoma Inspekta zaidi. Angemtoa nje dakika mbili tu siku ile, akamuuliza kando, jibu lingepatikana kabla ya pingu. Alitamani ardhi ipasuke immeze pamoja na cheo chake.

*

Katibu wa Chama aliishi peke yake katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya shule aliyofundisha. Mji wote ulimwita Mwalimu. Inspekta alikuwa mwanafunzi wake darasa la nne, na mpaka leo akimwona alijikuta anachomekea shati. Alimkuta barazani, miwani mapajani, kitabu kimefunguliwa ambacho hakuwa anakisoma.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Nilikuwa nakungoja tangu Jumatatu. Umechelewa."

Hakuwa anatania. Inspekta aliketi, akamwambia habari ya kamba ya pazia, na Mwalimu akatikisa kichwa polepole, karibu aonekane ameridhika, kama zamani mtoto alipopata hesabu ngumu. Alisema hakuwaza kabisa alipokuwa anaifunga. Mikono ilifunga yenyewe.

Akaingia ndani, akarudi na kitu kilichofungwa kwa shuka jeupe la pamba, akakiweka mezani. Fremu haikuingia kwenye mkoba, ndiyo maana aliitupa. Picha alinuia kuichoma. Alikwisha kuwasha jiko mara mbili.

"Nimeshindwa," alisema. "Miaka thelathini nawaambia watu karatasi haichomwi. Nimeshindwa."

"Kwa nini, Mwalimu?"

"Igeuze."

Ubao ulikuwa umeng'olewa kwa mvuke, na nyuma ya picha kulikuwa na madoa ya gundi ya kahawia. Katikati ya madoa kulikuwa na maandishi ya wino, mwandiko wa karani fulani wa kiwanda. *Waliobaki kazini wakati wa mgomo. Kila mmoja alizawadiwa taa moja na Meneja.* Chini yake yakafuata majina kumi na mawili. La tatu Inspekta alilisoma, akalisoma tena, kisha akaigeuza picha kutazama taa mikononi mwao. Zilikuwa mpya. Hata kikaratasi cha bei kilikuwa bado kimefungwa kwa uzi kwenye moja. Alikuwa ameitazama picha hiyo tangu utotoni na hakuwahi kujiuliza watu waliogoma bila mshahara walipata wapi taa kumi na mbili mpya za aina moja.

Mwalimu alieleza bila kumtazama. Bahasha yenye picha hii ililetwa na mjane wa karani, asubuhi ya kikao cha sura. Yeye aliipitisha mkono kwa mkono kabla ya kuikagua nyuma, kosa ambalo hakulifanya tena maishani. Wote walijua mgomo ulikuwepo, hakuna aliyekumbuka waliogoma ni akina nani, kwa sababu hao walitimuliwa kwenye nyumba za kiwanda na kuhama na watoto wao. Ndipo mwanamke mmoja akasimama, akaweka kidole juu ya wa tatu, akasema huyu ni baba yangu, na hawa ndio waliogoma. Mtu wa pili, wa ukoo mwingine, akaitambua sura, akakubali. Kanuni ikawa imetimia. Watu walilia siku hiyo.

"Mama yangu," alisema Inspekta.

"Mama yako. Hakusema uongo. Aliambiwa hivyo alipokuwa mdogo, na nani angemwambia vingine? Niliigeuza picha wakati wameshaondoka. Nikasema nitawaambia kikao kijacho. Kikao kijacho walikuja watu arobaini, wamevaa vizuri. Nikanunua gundi."

Mwalimu alifuta miwani yake. Kisha Mwalimu alisema alilokuwa amelitayarisha. Picha ichukuliwe. Yeye ataandika barua kwamba ilikuwa imewekwa vibaya stoo, uzee, na kwamba hakuna wizi. Vumbi atalala kwake leo. Ubao utarudishwa.

"Nimempelekea chakula," aliongeza kwa sauti ndogo. "Kila siku. Kila siku nafika getini kwenu nasema leo naingia, naacha chakula kaunta, narudi. Nina haya, binti yangu. Sijui kama unaweza kunielewa. Lakini mama yako ana miaka sabini na tisa."

Inspekta alimwelewa kuliko alivyopenda. Aliliona wazo hilo na lilikuwa jepesi sana kulibeba. Hakuna ambaye angeumia, isipokuwa Vumbi, ambaye angetoka kwa barua ya stoo na fremu isiyo na maelezo, na kila duka analopita wangeshusha sauti. Na wale waliogoma kweli, waliokwenda kufia kusikojulikana, hawana mjukuu polisi.

"Saa nane kituoni, Mwalimu," alisema akiifunga picha kwa shuka. "Uje mwenyewe, usisubiri nikutume mtu. Utaandika maelezo yako. Kama Chama kitataka kukushtaki au la, ni juu yao."

Mwalimu aliinama kama alivyoinama Vumbi. Inspekta alimwamkia tena wakati wa kuaga, kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

*

Fomu ya vielelezo ina sehemu ya kueleza hali ya kitu. Watu wengi huandika mstari mmoja. Inspekta aliandika mbele, akaandika nyuma, neno kwa neno, na majina yote kumi na mawili kwa mpangilio wake. Kalamu ilipofika la tatu aliisimamisha, kisha akaandika. Chini kabisa akaongeza kwamba mtu huyo ni babu yake mzaa mama, kwamba hakulitaja hilo alipopokea jalada, na kwamba mtuhumiwa alihojiwa vibaya. Mkuu wa kituo alisoma akiwa amesimama. Aliuliza kama aya ya mwisho ilikuwa na ulazima. Inspekta akasema ndiyo. Mkuu akaguna, akatia saini ya kumwachia Vumbi, akamwambia Inspekta amkabidhi mwenzake jalada.

Gari lilikuwa limetoka gereji asubuhi hiyo. Inspekta alimrudishia Vumbi mkanda na viatu vyake, akamwambia koplo atawapeleka.

"Hapana," alisema Vumbi akifunga kamba za viatu. "Ulinileta kwa miguu. Nirudishe kwa miguu."

Basi wakatembea. Ilikuwa saa tano, maduka yote wazi, na barabara ilikuwa ile ile. Mbele ya kinyozi Inspekta alisimama, akasema kwa sauti ya gwaride kwamba huyu bwana hakuiba kitu, amekamatwa kwa makosa, na makosa ni yake yeye. Akarudia kwa fundi viatu, akarudia kwenye duka la dawa. Kila mara masikio yalimwaka, na kila mara Vumbi alisimama wima pembeni yake akingoja amalize, kisha wakaendelea. Katikati ya safari Vumbi aliuliza nani basi aliyeichukua. Inspekta alimwambia yote, mpaka maandishi, mpaka babu. Hakuona ana haki ya kumficha. Vumbi alisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kutembea.

Kabla ya kufika chumbani kwa Vumbi walipaswa kupita nyumba ya mama yake Inspekta. Mama alikuwa barazani na majirani watatu, kama kawaida yake saa hizo, na habari ilikwisha kumfikia vipande vipande. Aliinuka kwa kushika ukuta, uso wote unang'aa.

"Mwanangu. Nasikia picha ya baba imepatikana."

"Imepatikana, mama. Na huyu hakuiba. Nilimkosea."

"Nilijua si yeye. Pole, baba, karibu ukae." Akamgeukia tena binti yake, akiwatupia majirani jicho la fahari. "Imeharibika? Hebu sema, na hawa wasikie. Baba yangu yuko salama?"

Majirani wakasogeza viti. Inspekta alifungua kinywa. Alikuwa amejizoeza barabara nzima kusema ukweli kwa sauti, mbele ya watu, na sasa sauti ilikuwa tayari kooni.

Vumbi akamgusa kiwiko.

"Mama yako mwambie ndani," alisema polepole, asisikiwe na majirani. "Mimi nitangoja hapa nje."

Akaketi kwenye ukingo wa baraza, akawaamkia majirani, akaanza kuwauliza habari za watoto. Inspekta alimshika mama yake mkono, akamwingiza ndani, akafunga mlango.